Acheni Kuisingizia Simu

Kila kikao cha wazazi, kila hotuba ya mgeni rasmi, kila mawaidha ya Ijumaa na mahubiri ya Jumapili, mshtakiwa ni yuleyule: simu. Watoto hawana adabu, ni simu. Hawajui kusoma, ni simu. Wanajibu ovyo na kukesha hadi usiku wa manane, simu tena. Simu hiyo tumeinunua sisi. Bando tumeliweka sisi. Na aliyemshikisha mtoto wa miaka mitatu ili anyamaze, mtu mzima apate kumaliza kuangalia ya kwake, ni sisi. Simu ni mwizi aliyekuta mlango umeachwa wazi, na mimi nawataka walioacha mlango wazi.

Mfuateni mtoto mmoja wa darasa la pili, anayekaa Kimara au Mbagala, Dar es Salaam, na kusoma upande wa pili wa jiji kwa sababu wazazi wake wanataka shule ya Kiingereza. Saa kumi na moja alfajiri anang'olewa kitandani. Basi la shule linamzungusha mitaa yote gizani, kichwa kikigonga dirisha kwa usingizi. Anarudi jua linazama. Kuna kazi za nyumbani, kuna tuisheni ya Jumamosi, na siku hizi ipo hata ya likizo. Mama amekwama kwenye foleni. Aliye nyumbani ni dada wa kazi, mara nyingi binti mdogo aliyetolewa kijijini kwao kabla hajamaliza kulelewa, naye tumemkabidhi kulea. Mtoto huyu atazungumza na nani?

Na baba? Methali ya asiyefunzwa na mamaye tumeifanya rungu la kuwapigia wanawake peke yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpangia mama likizo ya uzazi ya siku 84. Baba ilimpangia siku zisizopungua 3. Siku tatu! Kitovu cha mtoto hakijadondoka, baba amesharudi kazini. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya 2007, walimpa baba wiki mbili, nazo bado ni chache. Mwanamume akishaambiwa na sheria ya nchi kwamba shughuli yake nyumbani imekwisha mapema hivyo, wengi huamini, na hawarudi tena mpaka siku ya kuchapa viboko.

Viboko navyo tuviseme. Mwaka 2009 nchi hii ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatolewa 2011. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili, na miongoni mwa waliowaumiza walikuwamo ndugu na walimu wao. Mwaka 2009 simu za kupapasa zilikuwa mikononi mwa wachache mno. TikTok haikuwapo. Aliyewaumiza watoto wale alikuwa na jina, na mara nyingi alikuwa anajulikana mtaani. Anayetaka kuniambia kwamba zamani jamii ililea na leo intaneti inabomoa, aanze kwa kunijibu hilo.

Machi 2023 Serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Nililiunga mkono agizo lile na naliunga mkono leo. Yupo nesi wa zamu za usiku, yupo mjane anayesafiri na mzigo wake wa biashara. Hao sina neno nao, walikosa njia. Nasema na wale wenye nyumba, wenye nafasi na wenye ndugu, waliompeleka mtoto wa miaka mitano, anayeogopa giza na bado anakojoa kitandani, akalale kwa wageni eti apate nidhamu. Nidhamu gani anayoipata mtoto anayelia usiku na hakuna anayemjua vizuri kiasi cha kumbembeleza?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 3 au 4 acheze na kuchangamsha mwili kwa jumla ya dakika zisizopungua 180 kwa siku, na kutazama kioo cha simu au televisheni kusizidi saa moja. Nusu ya pili tunaihubiri kila siku. Ya kwanza hatuigusi, maana ingetulazimu kujibu: akacheze wapi?

Nairobi, Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Waliandamana na sare zao, polisi wakawarushia mabomu ya machozi. Watoto wa shule ya msingi! Ukuta uliangushwa, uwanja ukarudi. Kwetu Dar es Salaam viwanja vimekwenda kimyakimya: kimoja gereji, kingine baa, kingine fremu za maduka. Hata shule tunazisajili zikiwa na uga wa kuegesha mabasi tu.

Wala kioo chenyewe si sumu. Katuni ya elimu ya Ubongo Kids ilitengenezwa hapahapa Dar es Salaam na kuanza kurushwa 2014. Baadaye ikaja Akili and Me, na utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa 2018 ulionyesha watoto wa chekechea walioitazama wakiwazidi wenzao katika kuhesabu, kuchora na kutambua maumbo. Tunaweza, basi. Lakini washa redio au televisheni mchana wa mechi uhesabu matangazo ya kubeti yanayomfikia mtoto kabla hajalala.

Nataka likizo ya baba iongezwe. Nataka agizo la bweni lisimamiwe bila kupindishwa kwa vibali vya kuoneana haya. Na kabla mkurugenzi yeyote wa halmashauri hajasimama tena kutuhutubia juu ya maadili ya watoto, atuletee orodha ya viwanja vya wazi vya kila kata yake, na majina ya waliopewa hati.