Arabuni Isiyo na Zamu

Mwezi wa Julai mwaka 2019, kampuni ya General Motors ilipolidhihirisha mbele ya watu, huko Tustin katika jimbo la California, gari la Corvette la namna mpya, ambalo injini yake ilihamishwa kutoka mbele ikatiwa nyuma ya viti, na bei yake ya kuanzia ikatajwa kuwa chini ya dola 60,000, wapenzi wa magari wa Marekani walimiminika kwa mawakala, kila mmoja na arabuni yake mkononi, wakitaka waandikiwe gari la rangi waipendayo na viti wavitamanivyo. Yaliyofuata yalikuwa mfululizo wa misukosuko. Wafanyakazi waligoma siku 40 kuanzia Septemba. Uundaji ulioazimiwa kuanza mwishoni mwa mwaka ukasogezwa hata Februari 2020. Mwezi uliofuata maradhi ya korona yakaufunga mlango wa kiwanda cha Bowling Green, Kentucky, usifunguliwe mpaka mwisho wa Mei. Na mnamo Desemba 2021 kimbunga kiliupitia mji huo usiku, kikaharibu paa la kiwanda, na magari zaidi ya 100 yaliyokuwamo yakahukumiwa kuvunjwa.

Mtu mwenye insafu hawezi kumlaumu mwenziwe kwa kimbunga. Wala haifai kusahau kwamba mwaka huohuo wa 2021 ulimwengu mzima ulikuwa katika dhiki ya chipu za kielektroniki, kwa kuwa kampuni za magari zilizofuta maagizo yao mwanzoni mwa maradhi zilirudi zikakuta watengenezaji wa chipu wamekwisha kuyageukia mahitaji ya kompyuta na simu, na mwezi wa Machi moto ukaunguza kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani, kilichotegemewa sana na waundaji wa magari. Kungoja kwa ajili ya mambo kama hayo ni sehemu ya maisha, na aliyezoea kungoja meli Kilindini au Kurasini hahitaji kufundishwa subira. Neno langu linahusu subira ya namna nyingine, ile ambayo mtu hutakiwa awe nayo bila ya kuambiwa yu wa ngapi katika safu, na kama kweli yumo ndani ya safu hiyo au yuko nje yake.

Yatupasa kwanza kuielewa biashara yenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki aghalabu hununua gari lililokwisha kutumiwa Japani: picha tumeiona, bei tumeijua, fedha tumetuma, na lililobaki ni bahari na forodha. Mmarekani anayeagiza gari jipya hanunui kiwandani, ijapokuwa lugha ya matangazo humfanya adhani hivyo. Sheria za majimbo mengi huikataza kampuni yenye mawakala kumwuzia mtu gari moja kwa moja. Kiwanda humwuzia wakala, wakala humwuzia mtu, na agizo tangu mwanzo ni la wakala. Agizo hilo likiingizwa katika daftari za General Motors hupewa tarakimu 1100, ambayo maana yake ni kwamba wakala ameliandika, basi. Likifika 2000, kampuni imelikubali. Likifika 3000, limepokewa na wale wapangao kazi ya kiwanda. 3800, gari limekwisha kuundwa. 5000, limeshushwa kwa wakala. Wanunuzi huzihifadhi tarakimu hizi kama mwanachuoni ahifadhivyo juzuu ya Amma. Lakini baina ya 1100 na 2000 pana pengo ambalo mmoja hulivuka kwa juma moja na mwingine halivuki kwa mwaka mzima, na kinachomvusha mtu hapo ni mgao, wala haiangaliwi tarehe aliyolipa arabuni yake.

Kiwanda huyagawa magari kwa mawakala, na ukubwa wa fungu la kila mmoja hutegemea zaidi idadi aliyoiuza zamani na wepesi wa kuuza kwake. Wakala wa mji mkubwa aliyejenga jina lake juu ya Corvette kwa miaka mingi hupata magari mengi. Wakala wa mji mdogo, ambaye riziki yake hutokana na magari ya mizigo ya wakulima, huenda akapata moja au mawili kwa mwaka, na pengine asipate hata moja. Kanuni hii ina mantiki yake, nami siitukani, maana aliyethubutu kuujaza ua wake magari hayo katika miaka ambayo watu walikuwa hawayataki ana haki ya kukumbukwa wakati wa neema. Taksiri iko kwingine. Katika kanuni hiyo hakuna kinachomzuia wakala mwenye fungu la magari mawili asipokee arabuni za watu 20, naye aweza kumwambia kila mmoja wao, bila ya kutamka uongo hata neno moja, kwamba agizo lake limeandikwa. Basi mtu wa mji mdogo, aliyelipa mwezi wa Agosti kwa wakala yuleyule aliyemwuzia baba yake gari, hukaa akihesabu siku, ilhali mwingine aliyelipa Desemba katika mji mkubwa amekwisha kukabidhiwa funguo. Kanuni haikuvunjwa popote. Mtu huyo hakuambiwa tu kwamba kuchagua wakala ni kuchagua zamu, na lau angaliambiwa, angalipanda gari lake kuukuu akaenda mwendo wa saa tatu kuiweka arabuni yake mahali penye fungu.

Hata fungu likipatikana, kuna mlango wa pili. Mara kwa mara kampuni huwajulisha mawakala vipande vilivyoadimika, na agizo lenye kipande kimojawapo katika hivyo hurukwa, fungu likachukuliwa na agizo lililo nyuma yake. Mtu huweza kukaa miezi kwa ajili ya bawa la nyuma, au mkanda wa rangi fulani asioujali sana, ambao angaliufuta papo hapo kama karani wa wakala angalimpigia simu. Karani mwema hupiga. Mwingine hunyamaza, kwa kuwa fungu lenyewe halipotei, humwendea mteja wake mwingine, na faida ya duka ni ileile.

Hata hivyo mawakala siwahesabu kuwa ndio mahasimu peke yao, kwa maana nao wana kumbukumbu zao. Katika msukosuko wa biashara wa 1920 na 1921, Henry Ford, akiwa na deni zito la kulipa, aliwapelekea mawakala magari ambayo hawakuyaagiza na kuwataka walipe taslimu au wauache uwakala, nao wakaenda kukopa katika benki za miji yao ili deni la Ford lilipwe. Ndiyo asili ya hofu iliyozaa sheria za kuwalinda, ikiwamo ile ya Bunge la Marekani ya 1956 iliyompa wakala njia ya kuishtaki kampuni inayomtendea pasipo uaminifu. Miaka miwili baadaye, 1958, seneta Mike Monroney wa Oklahoma akamkumbuka na mnunuzi: tangu wakati huo kila gari jipya hubandikwa dirishani karatasi yenye bei iliyopendekezwa na kiwanda, gharama ya kulisafirisha, hata jina la wakala aliyepelekewa. Ni kazi njema kupita ukubwa wa karatasi yenyewe; lakini karatasi hubandikwa juu ya gari lililokwisha kuwapo, na juu ya gari ambalo bado ni tarakimu 1100 haisemi neno.

Penye kiza hicho ndipo bei hupanda. Bei ya dirishani ni pendekezo tu, na katika miaka ya uhaba mawakala wengine waliongeza juu yake maelfu ya dola. Mwanzoni mwa 2022 mkuu wa Ford, Jim Farley, alisema kwamba kampuni yake inawajua mawakala, kiasi cha mmoja katika kila kumi, waliouza kwa bei ipitayo ile iliyopendekezwa, na kwamba jambo hilo litagusa mgao wao wa siku za usoni. Maneno hayo yalisifiwa, nami nayasifu nusu. Yanathibitisha kwamba kiwanda kinazo hesabu zote, na kwamba mgao waweza kugeuzwa fimbo. Lakini fimbo hiyo hupigwa chumbani, na mnunuzi, ambaye mfuko wake ndio uliotoboka, hakualikwa kushuhudia wala hakupewa orodha ya wa kuepukwa.

Linalonikera kuliko yote ni viapo. Baada ya vita vya 1939 hata 1945, serikali ya Uingereza ilipokuwa ikivigawia viwanda chuma kwa sharti la kuuza ng'ambo nusu na zaidi ya magari, raia wa London akangoja miaka kwa gari ambalo kwa ng'ambo lilipakiwa melini, chama cha wafanyabiashara wa magari kilimtaka kila mnunuzi wa gari jipya atie sahihi hati ya kuahidi kwamba hataliuza kabla ya muda maalumu, muda uliofikia miaka miwili. Kiapo hicho kimefufuka. Land Cruiser 300 ilipotoka Japani mwezi wa Agosti 2021, wanunuzi walitakiwa kuahidi kwamba hawataliuza gari hilo kabla ya mwaka mmoja, hususan kwa hofu ya magari kuchukuliwa upesi na kusafirishwa nje; na General Motors nayo mwaka 2022 ikaonya kwamba atakayeiuza Corvette ya Z06 kabla ya miezi 12, dhamana fulani za gari hilo hazitamfuata mnunuzi wa pili. Nia ya kuwakomesha walanguzi naifahamu. Walakini itazame sura ya mkataba: mnunuzi huahidi atakavyoitumia mali yake baada ya kuilipia yote, na muuzaji haahidi hata mwezi wa kuikabidhi. Toyota tuipe haki yake, maana Januari 2022 ilitamka bayana kwamba anayeagiza Land Cruiser wakati huo huenda akangoja kadiri ya miaka minne, na aliyeambiwa miaka minne aweza kupanga maisha yake. Hata katika Ujerumani ya Mashariki, ambako raia alingoja Trabant zaidi ya miaka kumi, na Trabant kuukuu ikauzwa ghali kuliko mpya, kujiandikisha kulikuwa na tarehe, na tarehe hiyo ilikuwa mali: watu walinunua na kuuziana nafasi zao. Anayengoja katika nchi ya soko huria hana hata nafasi ya kuuza.

Kwa hiyo nataka stakabadhi ya arabuni iandikwe mambo matatu ambayo leo hayamo: idadi ya magari ya namna hiyo ambayo wakala alipokea katika miezi 12 iliyopita, idadi ya arabuni alizozishika kabla ya hiyo, na bei, au kanuni ya bei, itakayodaiwa siku ya kukabidhi. Mawakala watajibu kwamba mgao wa kesho hawaujui, nao watakuwa wakisema kweli, ndiyo sababu naulizia wa jana. Watasema tena kwamba hizo ni siri za biashara, zisije zikamfikia mshindani. Lakini mshindani aweza kuyahesabu magari uani kwa macho yake, na asiyeweza ni yule tu aliyetoa fedha.

Nasi tusijidhani kuwa watazamaji. Nairobi na Dar es Salaam wako mawakala wanaouza pikapu na Land Cruiser mpya kwa kuagiza, na soko letu la magari mapya, likiwa dogo, hulishwa na fungu linalokatwa mbali na sisi. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imekwisha kumpa mlaji haki ya kupewa habari zimpasazo ili aifaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Idadi ya mgao, na nafasi ya mtu katika safu, ni habari za namna hiyo hasa, na wa kwanza atakayezidai mbele ya hakimu hatahitaji kungoja sheria mpya.