Wazazi wa Masisi na Walikale, Ziandikeni Shule Zenu

Liko jambo ambalo halifai kungoja amani ndipo lisemwe. Shule za sekondari za misioni huku kwetu, zile zinazomfikisha mtoto darasa la sita na mtihani wa serikali, zina historia ndefu kuliko umri wa wengi wanaozigombea leo. Historia hiyo sehemu kubwa imo vichwani mwa wazee, na iliyobaki imo katika palmaresi, vitabu vya pointi za wanafunzi, vilivyofungiwa kabatini kwa prefe, mkuu wa shule. Wazee wanatutoka kila mwezi, na makabati tumeyaona yakivunjwa mbao zake zikawa kuni.

Kwanza tuulizane shule hizi zilipatikanaje. Tarehe 26 Mei 1906 serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ilipatana na Vatikani kwamba kila misioni ya Kikatoliki nchini Kongo ipewe ardhi, hektari 100 hadi 200, na misioni nayo ifungue shule. Ardhi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilikuwa ya watu, wenye machifu wao na mashamba yao. Na misioni iliposimama, waliofinyanga matofali, wakayachoma na kuyapandisha mlimani kichwani, walikuwa wakristo wa parokia, waume kwa wake. Kwa hiyo anayesema shule ya misioni ni mali ya padri peke yake, na anayesema ni mali ya serikali peke yake, wote wawili wanamruka mwenye shamba na mbeba matofali.

Wala tusiisifu misioni kupita kiasi. Kwa miaka mingi mtoto wa Kikongo alifundishwa kusoma, kuhesabu na katekisimu, akasimama hapo, au akafanywa monitori wa kufundisha wadogo zake. Hadi mageuzi ya elimu ya 1948 masomo ya sekondari ya maana hayakupangwa kwa ajili yake, na kijana mwenye akili aliyetaka kuendelea njia yake ilikuwa seminari, awe na wito au asiwe nao. Mapadri Wajesuti walipofungua koleji ya Bikira Maria wa Ushindi mjini Costermansville, yaani Bukavu ya leo, mwaka 1938, waliifungua kwa watoto wa wazungu. Watoto weusi waliingia baadaye, miaka ya hamsini. Ndiyo shule ambayo leo kila mtu wa Kivu anaiita Alfajiri, jina ambalo mimi nalipenda kuliko la kwanza. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, waliokuwa na shahada ya chuo kikuu katika Kongo nzima hawakufika thelathini. Hesabu hiyo ni ya Wabelgiji, na wamisionari waliokuwa na shule karibu zote mikononi hawawezi kunawa.

Jimbo la Goma, lenye parokia zetu za Masisi na Walikale, liliundwa mwaka 1959. Askofu Joseph Mikararanga Busimba aliliongoza tangu 1960, na mwaka 1974 akampisha Askofu Faustin Ngabu. Mwaka huo nawaomba tuukalie kidogo.

Ugomvi wa Rais Mobutu na Kanisa ulikwisha kuanza. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku, na Kardinali Malula akalazimika kukaa nje ya nchi kwa miezi. Kisha, tarehe 30 Desemba 1974, serikali ikatangaza kuzichukua shule zote za madhehebu. Somo la dini likafutwa, msalaba ukashushwa ukutani, picha ya Rais ikabaki, na mahali pa katekisimu pakawekwa mafundisho ya chama chake, MPR. Koleji ya Kikatoliki ikalala ni ya Kanisa, ikaamka ni ya Serikali, na watoto ni walewale, madawati ni yaleyale.

Hali hiyo ilidumu miaka miwili na kidogo. Serikali iliyojitwalia majengo haikuwa na watu wa kuyaendesha, wala mkono wa kumlipa mwalimu kwa wakati. Tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu: Serikali ipange programu, itoe mtihani na ilipe mishahara, Kanisa liendeshe shule. Ndiyo asili ya neno tunalolitamka kila siku bila kuliwaza, shule ya konvansioni.

Nani aliulizwa katika mambo hayo? Mzazi hakuulizwa 1974 wala 1977. Lakini mapema miaka ya tisini, hazina ya Zaire ilipokauka na walimu wakagoma mwezi baada ya mwezi, maaskofu na wazazi walikubaliana kwamba mzazi ndiye atamlipa mwalimu. Hapo mzazi alikumbukwa mara moja! Malipo hayo, prime, yakaanza, yakaitwa ya muda, yakadumu. Shule ya msingi ilitangazwa bure kwa kweli Septemba 2019, ingawa kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilikwisha kusema hivyo. Sekondari mzazi analipa hata leo, kwa debe la maharage, kwa gurudumu la jibini la Masisi, kwa dhahabu na kasiteriti ya Walikale. Baada ya zaidi ya miaka thelathini ya kulipa, mtu haombi ruhusa ya kuwa na neno juu ya shule.

Majirani zetu wa Tanzania walipita njia nyingine. Sheria yao ya elimu ya 1969 ilizitwaa shule za misioni, na nyingi hazikurudi. Koleji ya Mtakatifu Francis ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, ndiyo inayojulikana sana. Julius Nyerere alifundisha pale aliporudi kutoka Edinburgh, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu ashike siasa. Leo ni shule ya Serikali, ina kidato cha tano na cha sita. Lakini muulize Mtanzania yeyote mwenye kusoma magazeti, atakueleza Pugu ni nini na nani alifundisha pale. Shule ile ilibadilishwa mwenyewe isipoteze habari zake, kwa sababu mwalimu wake mmoja alikuwa Rais. Shule ya Masisi-kati au ya Walikale haina bahati hiyo. Ilitoa wauguzi, walimu, makarani, mapadri, na wafanyabiashara wa Goma, na watu wa namna hiyo hawaandikwi na mtu wa mbali.

Sasa nije kwenye palmaresi, maana hapo ndipo penye kazi. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu, mistari imechorwa kwa rula. Kila ukurasa una darasa na mwaka. Kushoto majina, kisha masomo moja moja na pointi zake, mwisho asilimia na nafasi, chini sahihi ya prefe na muhuri. Mtu aliyesoma zamani akipoteza karatasi zake katika kukimbia, shule hufungua daftari hilo ndipo imwandikie hati ya kuthibitisha. Daftari likiungua, mtu yule alisoma bure. Vita vilifika Masisi-kati Januari 2025 na Walikale-kati Machi ya mwaka huo. Watoto waliokimbilia Goma au porini walikuta wanaulizwa buletini za pointi zao, kana kwamba mtu akikimbia risasi kwanza hufungua sanduku.

Na lina faida nyingine daftari hilo. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, Walikale, na mauaji yakasambaa Masisi nzima. Tangu hapo kila mmoja wetu ana orodha yake moyoni ya nani mwenyeji na nani mgeni. Palmaresi haina safu ya kabila. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu na Watutsi wamepangwa humo kwa asilimia tu, na aliyeshika nafasi ya mwisho ni wa mwisho bila kujali baba yake ni nani. Sisemi zamani zilikuwa paradiso. Huenda tukiyasoma madaftari hayo kwa makini tutaona pia ni nani hakuingizwa shuleni, na miaka gani wasichana hawakuwapo kabisa. Hilo nalo tulione kwa macho kuliko kulisikia kwa wanasiasa.

Nawasikia watakaosema: watu wanalala chini ya hema, wewe unatuletea habari za makaratasi. Nami nauliza, mwenye hema akitaka kesho kuajiriwa ualimu au uuguzi, ataonyesha nini? Wengine watasema kazi hii ni ya kordinasioni ya shule za Kikatoliki huko Goma. Ni yake, kweli. Lakini Goma yenyewe iliungua kwa volkano mwaka 2002, na ilitekwa Januari 2025. Nakala moja katika ofisi moja haitoshi, hata ofisi hiyo iwe ya askofu.

Komiti ya wazazi ina haki ya kumwomba prefe ruhusa ya kupiga picha palmaresi zote, ukurasa kwa ukurasa. Simu ya mwalimu mmoja inatosha, na alasiri chache. Picha zikae mahali patatu: parokiani, kwa mwenyekiti wa komiti, na kwa mwanafunzi wa zamani aliye mbali, Kampala, Kinshasa au Brussels. Waliosoma kabla ya 1974 wamepita miaka sitini na mitano. Waalikwe shuleni, wakalishwe na wafinalisti wa darasa la sita wa mwaka huu, na watoto waandike yale wazee wanayoyakumbuka: nani alikuwa prefe, matofali yalichomwa wapi, siku msalaba uliposhushwa nani aliushika. Waandike kwa Kiswahili, Kifaransa kitafuata. Zianze shule ambazo kabati bado linafungwa, na ziende kwanza kwenye madaftari ya zamani zaidi, yale ambayo karatasi yake imeanza kukatika ukiifunua.