Lijualikali: Alivyotoka ubunge Kilombero, akapita gerezani, akatua U-DC Nkasi

Kwa ufupi
- Peter Lijualikali aliichukua Kilombero mwaka 2015 kwa tiketi ya CHADEMA, jimbo ambalo CCM ililishika kwenye chaguzi mbili zilizotangulia.
- Mwaka 2017 alifungwa kwa vurugu za uchaguzi wa mwenyekiti wa halmashauri. Mahakama Kuu ikamwachia.
- Mwaka 2020 alihamia CCM, lakini tiketi ya jimbo ikaenda kwa mwingine. Mwaka mmoja baadaye aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Nkasi.

Ukishuka kutoka Kidatu kwenda Ifakara unapita Sanje. Kushoto kuna mashamba ya miwa, kulia kuna milima ya Udzungwa na maporomoko yanayoshuka karibu mita 170. Watalii wanaijua Sanje kwa maporomoko hayo. Wanasiasa wanaijua kwa kura zake, maana kata hii ni sehemu ya jimbo la Kilombero, na ndani ya miaka kumi na mitano jimbo hilo limepita mikononi mwa wabunge watatu.

Yule wa katikati ndiye mwenye historia ndefu zaidi. Ni historia ya mtu mmoja, lakini inagusa swali ambalo wapiga kura wengi wa bondeni wanajiuliza mpaka leo: ukimpigia mtu kura kwa sababu ya chama chake, halafu akahama, kura yako imebaki wapi?

Kabla yake: CCM, na dada mmoja wa Ifakara

Mwaka 2005 Kilombero ilimpeleka bungeni Castor Ligallama wa CCM. Mwaka 2010 CCM ikashinda tena, safari hii kupitia Abdul Mteketa. Ukitazama majina ya washindi peke yake, unaweza kudhani jimbo lilikuwa limetulia tuli.

Halikuwa limetulia. Mgombea wa CHADEMA mwaka 2010 alikuwa Regia Mtema, binti wa Ifakara aliyeishi na ulemavu wa mguu na aliyekuwa na maneno makali ya kistaarabu. Alishindwa jimboni, lakini chama chake kikampeleka bungeni kwa viti maalumu. Huko akawa msemaji wa upinzani kwa masuala ya kazi na ajira. Januari 14, 2012 alifariki kwa ajali ya gari eneo la Ruvu, mkoani Pwani, akazikwa kwao Ifakara.

Kampeni zake na msiba ule viliacha kitu Kilombero. CHADEMA haikuwa tena chama cha kusikia redioni tu, bali cha mtoto wa nyumbani. Aliyekuja kugombea baadaye hakuanza sifuri.

2015: Bonde lageuka

Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulikuwa mgumu kwa CCM kuliko yote iliyotangulia. Edward Lowassa alikuwa amehamia CHADEMA, na vyama vinne vya upinzani vilikuwa vimeungana chini ya UKAWA. John Magufuli alishinda urais kwa asilimia 58.46, Lowassa akapata asilimia 39.97. Kwenye majimbo mengi upepo ule ulibeba na wagombea ubunge.

Morogoro ilishangaza wengi. Mikumi ilikwenda kwa Joseph Haule, yaani Profesa Jay. Mlimba, jimbo jipya upande wa juu wa bonde, lilikwenda kwa Susan Kiwanga. Kilombero ilikwenda kwa Lijualikali. Wote watatu ni CHADEMA, na majimbo yao yapo kwenye ukanda mmoja wa miwa, mpunga na reli ya TAZARA.

Sababu za hasira zilikuwepo. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilibinafsishwa mwaka 1998, na tangu hapo malalamiko ya wakulima wadogo wa miwa ni yale yale: bei, kipimo cha utamu, na miwa inayokauka shambani ikisubiri zamu ya kuvunwa. Vijiji vya pembeni mwa Hifadhi ya Udzungwa, Sanje ikiwemo, viliruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini kwa siku maalumu mpaka ruhusa hiyo ilipofutwa mwaka 2011. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mgombea wa upinzani hakuhitaji kutunga hoja, alikuta zipo barabarani.

Miezi sita jela

Vita ya kwanza ya mbunge mpya haikuwa Dodoma. Ilikuwa nyumbani, kwenye kiti cha mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero.

Kiti hicho kinaweza kuonekana kidogo, lakini halmashauri ndiyo inayogawa fedha za zahanati na madawati. Mwenyekiti anachaguliwa na madiwani, na wabunge nao ni wajumbe. Pale ambapo vyama vinakaribiana, kura moja inaamua. Wakati ule Ifakara ilikuwa imepata halmashauri yake ya mji, na swali likawa nani ana haki ya kuingia ukumbi upi. Machi 1, 2016 Lijualikali alizuiwa, zikatokea vurugu, polisi wakaingilia. Kiti kikaenda CCM.

Januari 11, 2017 mahakama ya wilaya ilimhukumu kifungo cha miezi sita bila faini. Mkutano wa Bunge wa mwanzoni mwa mwaka ukampita akiwa gerezani. Mwishoni mwa Machi mwaka huo huo Mahakama Kuu ikafuta hukumu ile, akatoka huru.

Wengi walijiuliza kwa nini hakupoteza ubunge. Jibu liko kwenye Katiba, Ibara ya 67. Kinachomwondolea mtu sifa ni kifungo kinachozidi miezi sita, tena kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Yeye alipewa miezi sita kamili, na kosa lilikuwa la vurugu. Kiti kikabaki chake.

Kisiasa, jela ilimjenga. Aliingia akiwa mbunge wa kipindi cha kwanza ambaye nchi haimjui sana, akatoka jina lake likiwa kwenye magazeti yote.

2020: Anavuka mto

Kati ya 2017 na 2020 wabunge na madiwani kadhaa wa upinzani walihamia CCM, na msemo wa siku zile ulikuwa ni "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli. Maulid Mtulia wa Kinondoni na Godwin Mollel wa Siha walijiuzulu, wakasimamishwa na CCM kwenye uchaguzi mdogo wa Februari 2018 na kurudi bungeni. Septemba mwaka huo wakafuata Mwita Waitara wa Ukonga na Julius Kalanga wa Monduli kwa njia hiyo hiyo.

Lijualikali hakuwa kwenye kundi hilo. Alibaki CHADEMA karibu kipindi kizima. Ni mwaka 2020, Bunge likikaribia kuvunjwa, ndipo alipotangaza kwamba anaondoka na kuomba kupokelewa CCM. Alitangaza huku machozi yakimtoka. Mtu aliyelala jela kwa ajili ya chama anaondokaje? Hilo ndilo lililowashtua wafuasi wake.

Wakati alioondoka nao una maana yake. Kwa Katiba yetu, mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti. Kiti kikibaki wazi ndani ya miezi 12 kabla ya Bunge kuvunjwa, hakuna uchaguzi mdogo. Anayehama katikati ya kipindi lazima arudi kwa wananchi mapema. Anayehama dakika za mwisho anarudi kwao kwenye uchaguzi mkuu, kama chama kipya kitampa tiketi.

Na hapo ndipo hesabu ilipokataa. CCM ya Kilombero ilikuwa na watu wake waliosubiri miaka mitano. Tiketi ikaenda kwa Abubakar Asenga, naye akashinda Oktoba 2020. Mlimba ikachukuliwa na Godwin Kunambi, Mikumi na Dennis Londo, wote CCM. Kwenye urais Magufuli alitangazwa kupata asilimia 84, na upinzani ukalalamika kwamba uchaguzi haukuwa wa haki. Ramani ya 2015 bondeni ikafutika yote.

Waliohama pamoja naye mwaka ule hawakupata kitu kimoja. David Silinde, aliyekuwa mbunge wa Momba kwa CHADEMA, alipewa tiketi ya CCM Tunduma, akashinda na kuwa naibu waziri. Joseph Selasini na Anthony Komu walikwenda NCCR-Mageuzi, na hawakurudi bungeni. Lijualikali aliangukia katikati: hakupata jimbo, lakini hakusahaulika.

Nkasi, tofauti na Kilombero

Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipopanga wakuu wa wilaya, jina la Lijualikali lilikuwemo. Akapelekwa Nkasi, mkoani Rukwa, makao makuu yakiwa Namanyere.

Sasa, Nkasi siyo wilaya ya kawaida kwenye kitabu cha uchaguzi. Mwaka 2020 jimbo la Nkasi Kaskazini ndilo pekee nchi nzima ambalo CHADEMA ilitangazwa mshindi, Aida Khenani akimwangusha Ally Keissy wa CCM. Kwa hiyo mbunge wa zamani wa CHADEMA akawa mwakilishi wa Rais katika wilaya yenye mbunge pekee wa jimbo aliyebaki wa CHADEMA.

Tofauti ya kazi hizi mbili inafaa ieleweke. Mbunge anaajiriwa na wapiga kura kwa miaka mitano na wao ndio wanaomfukuza. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais, anaongoza kamati ya usalama ya wilaya, na anaweza kuondolewa kwa tangazo la jioni moja. Mwaka 2016 Lijualikali alikuwa upande wa anayezuiwa mlangoni. Mwaka 2021 alikaa upande wenye mamlaka juu ya mlango.

Sanje imebaki na nini?

Barabara imekuja. Kilomita 66.9 za lami kutoka Kidatu hadi Ifakara, pamoja na daraja la Ruaha Mkuu, zilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani pamoja na fedha za serikali. Jiwe la msingi liliwekwa na Magufuli Mei 2018, mbunge akiwa wa CHADEMA. Rais Samia aliizindua Agosti 2024, mbunge akiwa wa CCM. Kila upande unaweza kudai ni yake. Ukweli ni kwamba mradi wa aina hii unaamuliwa na wizara na wafadhili, na unaendelea hata jimbo likibadili rangi.

Kazi ambayo mbunge pekee anaweza kuifanya ni nyingine: kuuliza bungeni kuhusu bei ya miwa, mipaka ya hifadhi, tembo wanaoingia mashambani, mgao wa halmashauri. Hapo ndipo kura ya 2015 ilipokuwa na uzito, na hapo ndipo kuhama kunapouma. Aliyemchagua Lijualikali kwa sababu anaisumbua serikali hakuulizwa alipoamua kujiunga na wanaoiendesha.

Kuna upande wa pili, na ni haki usikilizwe. Mwanasiasa ni mtu, ana uhuru wa kubadili mawazo. Tena sheria za Tanzania hazimpi njia ya tatu. Mgombea lazima adhaminiwe na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha iliamua Juni 2013, kwenye kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumkatalia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Mlango huo haujafunguliwa. Mbunge aliyekosana na chama chake ana mambo mawili: anyamaze, au ahamie kwa wengine na kupoteza kiti.

Kwa mpiga kura wa Sanje maana yake ni hii: karatasi ya kura ina jina na picha ya mtu, lakini kiti kinashikiliwa kwa kadi ya chama. Akija mgombea mwingine kuomba kura, mbali na swali la maji na zahanati kuna swali la kumuuliza hadharani, mbele ya mashahidi: "Mheshimiwa, ukikosana na chama chako, utarudi kutuambia kwanza sisi, au tutasikia redioni?"