Songea Si Magunia ya Mahindi

Litaje jina la Songea ukiwa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, utajibiwa mahindi. Bei ya mahindi, mbolea ya ruzuku, foleni ya malori ghalani. Kulisha nchi ni heshima, na mkulima wetu anaistahili. Ninachokikataa kwa nguvu zangu zote ni nchi kuyajua magunia yetu isitujue wenyewe, na sisi tukaridhika.

Watoto wetu wanafundishwa Vita vya Majimaji kana kwamba vilianza na kuishia Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale. Wanachoondoka nacho darasani ni kwamba babu zao walihadaiwa na maji ya mganga. Huu ni uonevu! Wangoni, babu zetu, waliwavamia Wangindo na kuwachukua mateka kwa miaka mingi. Mwaka 1905 Wangoni haohao walimpokea mjumbe wa Kingindo, wakanywa maji aliyoyaleta, wakashika silaha dhidi ya Mjerumani. Watu wenye kisasi baina yao walitambua kwamba adui ni mmoja, miaka 49 kabla TANU haijazaliwa. Hilo ndilo lililostahili kuwa somo la kwanza. Wala hawakushindwa kwa risasi peke yake. Mjerumani alichoma mashamba na maghala kwa makusudi, akaiacha njaa imalizie kazi. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa kusini walifika hata 300,000, wengi wao kwa njaa hiyo.

Tarehe 27 Februari 1906 ndiyo tunayoikumbuka kwa mashujaa 67 walionyongwa hapa Songea, Nkosi (mfalme) Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Wengi walifukiwa katika kaburi moja. Nduna (jemadari) Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Wazee wanasimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akadai anyongwe kama wenzake. Miongoni mwa hao 67 yumo mwanamke, Mkomanile. Tunawahubiria mabinti zetu kwamba mwanamke anaweza, huku mwanamke wa kwetu aliyekwenda kitanzini hawamjui. Aibu hiyo si ya wizara peke yake. Ni yetu, wazazi na walimu wa Ruvuma.

Sisi tumeigeuza Februari kuwa msimu wa mahema na hotuba. Ngoma yetu ya Lizombe inachezwa dakika tano uwanja wa ndege mgeni akishuka, kisha wachezaji wanapewa soda na kuambiwa asanteni.

Na Litowa je? Mwaka 1960 vijana wa TANU walianza huko kijiji cha ujamaa, miaka saba kabla ya Azimio la Arusha, na hakuna aliyewaswaga. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao wenyewe, vijiji vingine vikafuata na kuungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwalimu Nyerere alivipenda. Lakini Septemba 1969 chama hicho kilipigwa marufuku na mali zake zikachukuliwa. Miaka michache baadaye mamilioni ya Watanzania walihamishwa kwa nguvu, kwa jina la wazo lililokuwa likienda vizuri hapa kwetu kwa hiari. Taifa lingejifunza kutoka Litowa, machozi mengi yasingemwagika. Leo hata mjini Songea penyewe ni wachache wanaoijua habari hii.

Tumrudie Nduna wetu. Kichwa cha Songea Mbano kilikatwa, na inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa nchi hiyo, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Aliyekuja kukiri amekiri. Sasa walimu, yaandikeni majina yote 67 kwenye kuta za madarasa yenu, na la Mkomanile lisomeke vizuri. Na nyinyi wabunge wetu mnaosimama kudai mbolea, simameni pia kudai kichwa cha Nduna, kila mkutano wa Bunge, mpaka kirudi.