Munganga anaanza kutengenezwa kwenye banki hii



Ukiuliza wanafunzi wa Biochimie watafanya nini kisha diploma, mikono mingi inapanda: “Munganga!” Ni neno zuri. Sisi watu wa Ituri tunajua bei ya kukosa munganga. Wazee wetu wanakumbuka Nyankunde, lopitali ya makanisa ya Kiprotestanti, iliposhambuliwa mwezi wa 9 mwaka 2002, na wagonjwa pamoja na wafanyakazi wakauawa. Tena tuliona Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020, iliyogusa zaidi Kivu ya Kaskazini na jimbo letu, ikaua watu 2.287.

Lakini ukiuliza mara ya pili: “Leo unafanya nini kusudi ufike kule?” mikono inashuka. Wengi wanajibu: “Tungoje kwanza Exetat.” Sisi tunasema hapana. Mwenye kungoja Exetat amekwisha kuchelewa.

Sikilizeni sababu. Kule fakulte ya uganga, miaka ya kwanza haiko ya kushika sindano. Ni kemia, fizikia, hesabu, biolojia ya seli, mifupa na mishipa ya mwili, na namna viungo vinavyotumika. Ni masomo yaleyale tunayokimbia hapa, lakini yameongezeka mara nyingi. Katika Exetat maswali mengi yanakuja na majibu yake, unachagua moja. Kule unaweza kuambiwa uandike sababu wewe mwenyewe, au usimame mbele ya profesa ueleze kwa kinywa. Aliyezoea kubahatisha atashika nini?

Tutoe mfano mdogo. Serumu ya glukozi ya 5% ina gramu 5 katika mililita 100. Chupa ya mililita 500 ina gramu ngapi? Ni 25. Mfano mwingine: mtoto wa kilo 12 anapaswa kupata paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo. Ni miligramu 180 kwa mara moja. Ukisogeza koma kidogo tu, umempa 1.800! Hiyo ni hesabu ya kalasi za chini, lakini kosa lake linaingia katika mwili wa mtoto. Kwa hiyo mwenye kukopia interogasio ya kemia asifikiri anamdanganya mwalimu tu. Anamnyang'anya mgonjwa wake wa kesho.

Wengine wanauliza protini na molekuli zina faida gani kwa mtu wa kijijini. Dawa moja iliyotumiwa katika Ebola ile, jina lake mAb114, ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mukongomani kama sisi, ni mmoja wa wale walioivumbua. Bila kujua protini, ile damu ingebaki damu tu.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mmoja awe na kaye ya makosa: kila hesabu uliyokosa uiandike tena mpaka uweze kuieleza kwa mwenzako bila kutazama. Pili, tusome Kifaransa kweli. Masomo ya uganga kwetu yanafundishwa kwa Kifaransa, na mwenye kusoma ukurasa mmoja kwa saa nzima hatamaliza silabusi. Tatu, tuongee na wazazi mapema. Masomo haya hayapungui miaka sita, na minerval haiokotwi njiani. Wazazi, tafadhali, msiseme miaka ile ni mingi kwa msichana lakini inatosha kwa mvulana. Mwaka ni mwaka.

Walimu wetu, msikasirike: tunaomba kabati ya laboratwari ifunguliwe. Na kama vyombo havitoshi, limau, siki, majivu na chumvi vinapatikana sokoni. Asidi ambayo mwanafunzi ameiona kwa macho haimtoki kichwani.

Tunajua jibu la wengine: “Hata tukijitayarisha, nafasi ni chache na feza hakuna.” Ni kweli, mlango unaweza kukawia. Munganga Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepata zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, hakuanza na uganga. Alipata diploma mwaka 1974, akasoma kwanza miaka miwili Polytechnique kule Kinshasa, kisha akaenda Bujumbura kusoma uganga, akamaliza mwaka 1983. Msingi aliokuwa nao haukupotea njiani. Na mwenye kuingia ISTM kusoma uuguzi au laboratwari, tusimwite aliyeanguka. Lopitali bila muuguzi ni nyumba ya vitanda tu.

Wengine watasema: “Tutaomba Mungu.” Tuombe, ndiyo. Lakini sala haijazi kaye iliyo wazi. Aliyepewa akili amepewa na kazi ya kuitumia.

Kwa hiyo tunaalika kalasi zote za Biochimie, tangu ya kwanza ya humanités, zifanye vikundi vya watu watano, mara moja kwa juma, bila kungoja amri ya Bwana Prefe. Mwenye wazo lingine alete karatasi yake kwa redaksio, tutalichapa katika namba itakayofuata.