Mtoto Anasali Shuleni, Nyumbani Je?



Hivi karibuni mama yangu alipiga simu kutoka Kibosho, akataka mjukuu wake wa miaka saba amsalie Baba Yetu. Mtoto akaisali yote, tena vizuri, ila kwa Kiingereza. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu anasali na nani?" Nilikosa jibu. Ukweli ni kwamba anasali na mwalimu wake.

Mimi ni muuguzi hapa Uingereza. Nafanya zamu za usiku, na Jumapili nyingi zinanikuta wodini au kitandani. Mwanangu yuko shule ya msingi ya Kikatoliki. Asubuhi wanasali, kabla ya chakula wanashukuru, na kabla ya kurudi nyumbani wanasali tena. Darasani kuna meza ndogo ya sala, na kitambaa chake kinafuata kalenda ya Kanisa: zambarau Kwaresima, cheupe Pasaka. Mwaka huu anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza.

Kwetu tuliosoma nyumbani hili ni geni. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, shule nyingi za makanisa Tanzania zilichukuliwa na serikali, dini ikabaki kipindi: Wakatoliki kwa katekista, Walutheri kwa mwinjilisti, Waislamu kwa ustadhi. Hapa serikali inalipa mishahara ya walimu na shule inabaki ya Kanisa. Mzazi asiyetaka mwanawe ashiriki ibada ana haki kisheria ya kumtoa. Waislamu wenzetu wanaosomesha humo walijue hilo.

Ndiyo maana nafasi zinagombewa. Maombi yakizidi, waliobatizwa hutangulizwa, na baadhi ya shule hutaka paroko athibitishe kwamba familia inakwenda Misa. Hapo ndipo tunapokosea. Wapo wenzetu wanaokimbilia ubatizo kama wanakata tiketi ya basi. Nafasi ikipatikana, kanisani hawaonekani tena. Wengine, nami nilikuwa mmojawapo, tunamwachia mwalimu kila kitu. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la 1965 juu ya elimu, ulisema wazi kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule ni msaidizi tu.

Mtaniuliza: dada, na zamu je? Ni kweli, fomu haiulizi nani alikesha na wagonjwa, na maparoko wanapaswa kuwasikiliza wauguzi, walinzi na wafagiaji kabla ya kuwahesabu watoro. Lakini tusijifiche nyuma ya zamu. Misa ya Jumamosi jioni inahesabika kuwa ya Jumapili. Na sala ya nyumbani haihitaji paroko wala ruhusa ya msimamizi wa wodi.

Siku hizi, kabla sijavaa sare, tunakaa dakika tano na mwanangu tukisali kwa Kiswahili. Bado anakwama katikati, tunaanza upya. Mwalimu anampa imani ya darasani. Lugha ya bibi yake hawezi kumpa. Hilo ni langu.

Wenzangu, nyie watoto wenu wanasali na nani?

Naomba kuwasilisha.