Chuma Kimehifadhiwa, Lugha Je?

Katika milima ya kusini mwa Wales upo mji mdogo uitwao Blaenavon. Jina hilo ni la Kiwelisi, lugha ya wenyeji wa nchi hiyo: "blaen" ni chanzo, "afon" ni mto. Walioupa mahali hapo jina waliuona mto. Wenye mitaji waliona madini ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa, vyote katika mlima mmoja.

Mnamo 1789 mabepari watatu, Thomas Hill, Thomas Hopkins na Benjamin Pratt, walianzisha hapo kiwanda chenye matanuri matatu yaliyovuviwa hewa kwa mtambo wa mvuke. Watu walimiminika kutoka pembe nyingi kutafuta ujira, nao wake na watoto wakafanya kazi pamoja na waume. Mwaka 1878 binamu wawili, Sidney Gilchrist Thomas, karani wa mahakama, na Percy Gilchrist, mkemia wa kiwanda hicho, walitangaza njia ya kuondoa fosforasi katika chuma ili kupata feleji bora. Ajabu ni kwamba waliofaidi zaidi ni Wajerumani na wengine ambao madini yao yalijaa fosforasi. Blaenavon ilididimia. Mgodi wake mashuhuri, Big Pit, ulifungwa mwaka 1980, ukafunguliwa tena 1983 ukiwa makumbusho, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji huo na viunga vyake katika orodha ya urithi wa dunia.

Hapana shaka hiyo ni kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, mawe ya tanuri yamedumu kuliko lugha ya wengi waliolichochea. Ripoti ya serikali ya Uingereza ya 1847, iliyoandaliwa na makamishna watatu wasiojua Kiwelisi, ilidai kwamba lugha hiyo ndiyo kikwazo cha maendeleo ya Wales. Katika shule kadhaa za nchi hiyo, mtoto aliyeizungumza alivishwa kijibao shingoni, akampokeza mwenzake atakayenaswa, na wa mwisho akaadhibiwa. Msomaji aliyesoma katika shule zetu hahitaji kufafanuliwa adhabu hiyo. Leo Kiwelisi hufundishwa katika shule za Wales na huandikwa kwenye vibao vya barabarani, lakini Blaenavon wanaokizungumza ni wachache.

Nasi tuna milima yetu ya chuma. Wasamia wa Busia walikuwa wafua chuma hodari muda mrefu kabla ya reli, na majembe yao yalinunuliwa na majirani zao Waluo. Kiswahili kinayo mivukuto, fuawe na koleo. Je, Kisamia kiliviitaje vitu hivyo? Mwanafunzi wa huko aweza kueleza tanuri la Ulaya kwa Kiingereza fasaha, asijue babu zake waliliita nini lao.

Walimu wa Busia wasingoje wataalamu wa vyuo vikuu, ambao aghalabu hufika baada ya mazishi. Wawape wanafunzi madaftari, wawatume kwa wazee waulize jina la kila chombo, kila aina ya udongo, kila hatua ya uyeyushaji. Na madaftari hayo yakae katika maktaba ya shule, si katika kabati la mwalimu mkuu.